Kabla Hujaushika Usukani

Zaituni mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, na mikono ya Mama Farida haina haraka, kwa hiyo nina muda mpaka jioni. Sufuria nimeziacha bila kuosha. Nimekaa kwenye kiti chako cha mezani, mlango uko wazi, na watoto wa jirani wanapiga kelele huko uani kama kawaida. Kesho kabla ya adhana ya alfajiri gari la kukupeleka uwanja wa ndege wa Entebbe litakuwa hapo nje, na mimi na wewe kwa wiki nzima hatujaambiana neno zaidi ya "salamu aleikum", "chakula kipo", na "nimeshiba".

Ni aibu mama kumwandikia barua mtoto anayelala chumba cha pili. Najua. Lakini nikifungua mdomo mbele yako, maneno yanageuka njiani. Nataka kusema naogopa, unatoka ukali. Nataka kusema samahani, naanza kukuuliza kama umekula. Karatasi angalau hainitazami.

Mambo ya sweta, ya dawa za kikohozi na ya kutofungua mlango kwa mtu usiyemjua, shangazi yako wa Mbuya ameshakueleza yote, tena kwa sauti ya mtu aliyeishi na wanajeshi. Sitayarudia. Nataka kuzungumzia safari yenyewe, ile ya gari.

Wewe unafikiri niliichukia tangu mwanzo. Siyo kweli. Ulipoibandika ile ramani kwenye ukuta wa sebule, mimi ndiye niliyekutafutia misumari. Rafiki yako Brenda alipopiga simu kutoka Lisbon kusema naye amepata nafasi katika chuo kile kile cha Warsaw unachokwenda wewe, na kwamba gari lake kuukuu mnaweza kulijaza vitu vyake na kulivusha Ulaya nzima, mlipiga vigelegele mpaka Haji wa nyumba ya pili akaja kuuliza nani anaolewa. Nilicheka sana siku ile. Nilipenda kukusikia ukisoma majina: Salamanca, Bordeaux, Paris, Strasbourg, Nuremberg, Praha. Ureno mpaka Uhispania, Ufaransa, Ujerumani, Ucheki, Poland. Uliyasoma kama mtu anayeonja mchuzi. Nilikuona pia ulipokuwa unajizoesha kuendesha upande wao. Ulikaa mwisho wa kushoto wa kochi, umeshika sinia ya chai kama usukani, unabadilisha gia kwa mkono wa kulia. Ulidhani niko jikoni. Nilikuwa mlangoni, na moyo wangu ulijaa.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa njia. Kabla sijaanza kupika kwa ajili ya harusi za watu, nilibeba sukari na sabuni mpaka Juba, na usiku wa kuamkia safari sikulala kwa furaha. Kwa hiyo usifikiri mama yako ni mtu wa kukaa ndani anayeogopa dunia.

Kilichoniogopesha kilikuja baadaye. Mlikuwa mmepanga wiki mbili. Viza ikachelewa, tiketi ikasogezwa mbele, lakini siku ya chuo kufunguliwa haikusogea. Siku zikapungua, miji haikupungua. Nilikuwa nakuangalia ukikaa mbele ya ramani na kalamu yako, unabana. Mahali palipokuwa na kulala, ukaandika kupita. Mahali palipokuwa na siku mbili, ukaandika asubuhi. Kutoka Uhispania mpaka Paris ukaunganisha mchana na usiku, "Mimi na Brenda tutapokezana," ukasema, na Paris haikufutwa kwa sababu Brenda anataka picha.

Nilikuuliza, unakumbuka? Nilikuuliza, "Mtalala saa ngapi?"

Ukasema, "Mama, barabara za kule siyo za hapa. Hakuna mashimo, hakuna boda, hakuna ng'ombe. Ni kunyoosha tu."

Nikasema, "Haya."

Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu sikuwa nimeridhika, na nilikuwa na la kusema. Badala ya kulisema, nilikwenda uani, nikampigia Brenda, nikamwambia kwamba macho yako hayaoni vizuri jioni na daktari amekukataza safari ndefu.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Sikuwa nimelipanga. Nilipokata simu nilijiona mjanja kabisa. Nikarudi ndani nikaendelea kuchambua mchele.

Kesho yake uliingia jikoni na simu mkononi. Hukupaza sauti. Ungepaza ingekuwa afadhali.

"Mama, macho yangu yana nini?"

"Nani kakuambia..."

"Brenda ananiuliza kama nimepata miwani. Macho yangu yana nini, Mama?"

Nikafunika sufuria. Ukasema, "Nilikuwa hapa hapa. Nalala hapa, nakula hapa. Kwa nini hukuniambia mimi?"

Halafu ukabandua ramani ukutani, ukachukua begi, ukaenda Mbuya kwa shangazi yako. Uliporudi juzi ulikuwa mgeni mwenye adabu.

Swali lako nimelibeba wiki nzima. Kwa nini sikukuambia wewe? Nina jibu, lakini ni la zamani, na itabidi univumilie.

Unajua kwamba niliwahi kupata ajali ya lori kwenye njia ya Gulu, na kwamba rafiki yangu Halima alikufa pale. Kovu la mkononi mwangu umelichezea tangu utoto. Ulichosikia ni kwamba tairi lilipasuka. Ukoo mzima ulisikia hivyo, na waliosikia hivyo walisikia kutoka kwangu.

Aliyekuwa akiendesha ni ba-mkubwa wako Ismaili, kaka wa marehemu baba yako. Wewe ulimkuta mzee mpole anayekununulia kabalagala, vile vitumbua vya ndizi ulivyovipenda. Enzi zile alikuwa dereva ambaye wenzake walimpisha njiani. Akisimama mahali kula, wenye vibanda walisimama. Mimi nilikuwa mke wa mdogo wake, bado mgeni kwenye ukoo, na mbele yake nilijitanda mpaka kwenye paji la uso.

Siku ile mzigo ulikuwa umepakiwa usiku kucha na yeye amesimama hapo hapo, maana hakumwamini mtu na turubai zake. Hakulala. Alitaka tufike mpakani kabla hawajafunga. Tukasimama Migyera, tukala nyama, akanywa soda mbili, tukaendelea. Jua lilikuwa kali, la saa nane. Mimi nilikaa katikati, Halima dirishani.

Baada ya muda nikaona kidevu cha Ismaili kinashuka. Kilishuka taratibu, kikagusa kifua, kikainuka. Lori liligusa mstari mweupe, likarudi.

Nikageuza macho nikatazama nje. Unaelewa hilo? Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumpa heshima ya kutoonekana.

Halima aliona pia. Akanifinya paja. Tulinong'ona Kinubi chetu chini ya kelele za injini.

"Mwambie."

"Mwambie wewe."

"Ni shemeji yako."

"Ndiyo maana siwezi."

Nikajaribu ujanja. Nikakohoa. Nikaanza kuzungumza kwa sauti habari za bei ya sukari, kwamba Juba imepanda, kwamba wafanyabiashara wa Arua wanatuharibia. Alinijibu mara moja, "Mm, Juba ni Juba," na mimi nikapumua, nikadhani nimemwamsha bila kumvunjia heshima. Nilijipongeza kweli. Halima alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Naye hakusema, maana alikuwa amepewa lifti kwa ajili yangu.

Tulivuka daraja la Kafu. Lori likaiacha barabara polepole kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu akakata kona kwenda dukani. Hakukuwa na breki wala honi. Halima alisema "Ya Rabi" kwa sauti ya kawaida, kama anayesahihisha mtoto. Hakufika hospitali.

Ismaili alivunjika nyonga na mbavu. Siku alipoweza kuzungumza, aliniita karibu na kitanda. Alikuwa na uso wa kijivu. Akasema, "Shemeji, wewe ulikuwa ubavuni mwangu. Sema ukweli. Nilisinzia?"

Zaituni, mtu alikuwa ananiomba. Mlango alikuwa ameufungua mwenyewe. Nikamwambia, "Hapana, shemeji. Ni tairi."

Nilidhani ni huruma. Akafumba macho, machozi yakashuka mpaka masikioni, akasema alhamdulillahi. Lakini aliyeuamini ule uongo hakukaa nao kitandani. Alipopona alikwenda Katwe kwa rafiki yake aliyemuuzia matairi, mtu waliyekuwa wakila sahani moja tangu ujana, akamtukana mbele ya wateja, akamwita muuaji. Habari ikasambaa. Madereva wakamkimbia yule bwana, na biashara yake ikafa. Mimi nilisikia hayo yote nikiwa jikoni kwangu, na nikaendelea kukoroga chungu.

Miaka ilipita kabla sijamwambia Ismaili. Ilikuwa siku ya Idi, baada ya wageni kuondoka, mimi na yeye tumebaki na sahani tupu. Nilimwambia yote, kidevu, Halima, bei ya sukari. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilikuwa tayari anipige. Aliniuliza jambo moja tu.

"Kwa nini hukunigusa bega?"

Nikaanza kupanga sahani moja juu ya nyingine. Akasema tena, siyo kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Ungenigusa bega tu, mke wa ndugu yangu. Ningesimama chini ya mti nikalala. Ulidhani ningefanya nini?"

Kesho yake akachukua fimbo yake akaenda Katwe kuomba radhi. Kibanda kilikuwa na mtu mwingine, na hakuna aliyejua yule bwana amehamia wapi. Aliendelea kumtafuta mpaka alipokufa.

Basi ulipoingia jikoni kuniuliza kwa nini sikukuambia wewe, ni mimi yule yule. Mtu anayeushika usukani nikimpenda, au nikimheshimu, au nikimwogopa, siwezi kumwambia usoni. Nitakohoa. Nitazungumza habari za sukari. Nitampigia mtu wa pembeni na uongo wa macho. Nilidhani ajali ilinifundisha kusema. Ilichonifundisha ni kelele. Nilinyamaza mara ya kwanza, mara ya pili nikapiga kelele mahali pasipo pake, na mara zote mbili dereva hakuambiwa.

Nakuambia sasa. Mpango wako wa kuunganisha mchana na usiku mpaka Paris unaniogopesha. Siogopi kwa sababu hujui kuendesha. Pikapu yetu umeipitisha foleni ya Jumamosi na sufuria za pilau nyuma bila kumwaga hata kijiko. Hakuna dereva wa Kampala anayenituliza kama wewe. Naogopa kwa sababu unaweza. Mtu anayeweza, walio karibu naye huona haya kumwambia amechoka, na yeye mwenyewe huona haya zaidi. Ismaili hakuwa dereva mbaya. Angekuwa mbaya tungempigia kelele tangu Migyera.

Barua hii ingeishia hapo. Niliianza kichwani tangu jana, na nilikuwa nimepanga kuimalizia kwa dua. Lakini leo asubuhi limetokea jambo.

Nilimpigia Brenda. Nilitaka kumwomba msamaha kabla hujafika kwake, isije ikawa unamkuta na uongo wangu bado umekaa katikati yenu. Unajua Kiswahili chake cha kambini, kile alichokua nacho Mbuya kwa baba yake mwanajeshi. Nikamwambia, "Brenda mwanangu, nilikudanganya. Macho ya Zaituni ni mazima."

Akasema, "Mama, mimi nilikuwa naomba iwe kweli."

"Nini iwe kweli?"

"Hiyo ya macho. Nikasema, kale, sawa, Mungu amesaidia, sasa tutapunguza safari. Halafu Zaituni akasema ni uongo, nikacheka na yeye. Lakini Mama, mimi naogopa."

"Unaogopa nini? Si mtapokezana?"

Hapo akaanza kulia. Zaituni, soma hili taratibu. Brenda hajawahi kuendesha kwenye barabara kubwa za kule. Leseni anayo. Gari analipeleka sokoni na kazini, mitaa ya karibu. Mara moja alijaribu kuingia barabara kuu, malori yakampita pande zote mbili, akasimama pembeni akitetemeka mpaka mtu akaja kumtoa. Tangu siku hiyo hajarudi. Ulipomuuliza kama amezoea, alikuambia amezoea. Kwenye mpango wako kuna saa ambazo wewe utalala nyuma na yeye atashika usukani. Saa hizo hazipo.

Nikamuuliza, "Mbona hukumwambia mwenzako?"

"Nitamwambia aje? Ameshapanga yote. Tangu shule yeye ndiye anajua, mimi nafuata. Ataona nimemharibia." Halafu akasema, "Nilikuwa nawaza tukifika pale, nitakaa macho nimwongeleshe. Nitamwekea muziki. Hatalala."

Mwanangu, nilikaa chini pale pale uani, juu ya ndoo. Nilimsikia mtoto wa watu upande wa pili wa dunia akipanga kukuzungumzia bei ya sukari.

"Bambi Mama, tafadhali, usimwambie," akasema. "Nitamwambia mwenyewe akifika."

"Akifika lini? Pale uwanjani, na mizigo imeshapakiwa?"

Nikamsikia akipenga kamasi.

"Brenda, siwezi kukuahidi hilo."

"Mama!"

"Siwezi. Unichukie tu. Leo namwambia."

Alilia, nami nikamwacha alie, sikukata. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Basi mwambie sikutaka kumdanganya." Nimekuambia.

Nimevunja siri ya rafiki yako. Wiki iliyopita niliingia katikati yenu na uongo, leo naingia na ukweli, na inawezekana kwenu wawili hakuna tofauti, mama ni mama, haachi kuchokonoa. Mnaweza kunilaumu pamoja, mtakuwa na njia ndefu ya kufanya hivyo. Nilifikiria pia kitu kibaya zaidi, nikuambie na hilo: pasipoti yako iko kwenye droo ya kabati, na mchana nilifungua droo nikaitazama. Sikuigusa. Ukikaa hapa kwa sababu nimekuficha karatasi, nitakuwa nimekuzuia, lakini bado sitakuwa nimekuambia kitu.

Sikuombi usiende. Nenda. Vuka hizo nchi zote, na picha ya Paris muipige, kama si safari hii basi nyingine, haiendi popote. Chuo kikianza bila wewe siku moja au mbili, mwalimu atakasirika, na hasira ya mwalimu ina mwisho. Kama gari itabidi libaki Lisbon na nyinyi mpande basi, libaki. Kama mtaliendesha kwa njia ndogo ndogo za vijijini ambazo Brenda anaziweza, mtachelewa, lakini mtaona na kuku wa Wafaransa. Uamuzi ni wako na wake. Mimi sijui barabara za huko na sitajifanya najua.

Jambo moja tu ninalokuomba, nalo si la safari hii peke yake. Usiwe dereva ambaye watu wananong'ona ubavuni mwake. Ismaili aliniuliza nilidhani angefanya nini, na ukweli ni kwamba hakuwahi hata siku moja kutuonyesha kwamba angesimama. Waonyeshe wenzako mapema, kabla ya hatari, kwa mambo madogo. Siku Brenda akikuambia kitu usichotaka kusikia, usimjibu haraka. Mimi mwenyewe nilikuuliza mtalala saa ngapi, ukanijibu upesi sana, tena kwa kicheko. Nami nilikuwa mwoga, nikakubali kufungwa mdomo na kicheko. Kosa langu ni kubwa kuliko lako, lakini na lako lipo.

Ukirudi na nywele zako mpya utaikuta barua hii kwenye mto wako. Mimi nitakuwa jikoni, naosha sufuria, sitajificha. Ukitaka kuja kunigombeza, njoo, mlango uko wazi, na safari hii sitakuuliza kama umekula.

Lakini kabla ya kuja kwangu, mpigie Brenda. Usianze na kwa nini ulinidanganya. Muulize ni njia ipi anaweza kuiendesha bila kutetemeka, halafu nyamaza mpaka ajibu, hata akichelewa.

Amekaa na simu mkononi. Nimemwambia utapiga kabla ya magharibi.

Mama